Meza ya Anko na ile hesabu ya kivuli

Wasee, mnakumbuka ile vidio niliposema tangu niache chuo sijawahi kutumia hesabu ya duara hata siku moja? Bado iko, sijaifuta. Leo nimerudi kuikana.

Iko hivi. Anko wangu ni fundi wa mbao Makongeni, Thika. Alikuwa amekata meza ya duara, kipenyo futi 4, kutoka kwa plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Kabla hajaweka miguu, mteja akapiga simu: sasa anataka meza ya mraba, na hataki kununua plaiwudi nyingine. Anko akanipigia huku Ruiru. "Wewe mtu wa yunivasiti, hapa nitatoa mraba wa ngapi?"

Anko ndiye alinilipia karo ya semesta ya kwanza. Hakujua niliacha mwaka wa pili. Mathe alijua, na bila kuongea tulikuwa tumekubaliana hiyo stori haipandi matatu ya Thika.

Nilikuwa nahariri vidio. Nikajibu tu, "Tatu na nusu, Anko." Naye akamwambia mteja tatu na nusu.

Jioni dadangu mdogo, yuko kidato cha nne, alikuwa anapiga marudio mezani. Swali lenyewe mnalijua, huwa haliishi kwenye karatasi za hesabu: mraba, ndani yake duara, ndani ya duara mraba mwingine, tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli. Nikaangalia huo mchoro nikahisi baridi tumboni. Hiyo ni meza ya Anko.

Nikaanza kutafuta pai, nusu kipenyo, kipeo cha pili. Dadangu akanitazama kama mzee aliyepotea stendi. "Zungusha huo wa ndani," akasema. Akauchora upya umesimama kwa pembe, kila pembe ikigusa katikati ya upande wa mraba mkubwa. Kisha akachukua karatasi ya mraba, akakunja zile kona nne kuja katikati. Zikafunika mraba wa ndani wote, bila pengo. Kumbe mdogo ni nusu ya mkubwa! Hakuna pai hapo kabisa.

Mraba wa futi 4 una futi za mraba 16. Nusu ni 8. Upande basi ni kama futi 2 na inchi 10. Duara lenyewe lilikuwa na kama 12.6, kwa hivyo zaidi ya thuluthi ya meza inageuka vipande vya kuwashia jiko. Na hiyo tatu na nusu yangu? Kutoka kona hadi kona ni karibu futi 5. Haiwezi kutoka kwa duara la futi 4 hata ukiomba.

Miaka kumi na kitu nimekaa darasani, nikapewa fomula za kukariri, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyesema kunja karatasi. Hapo nina kinyongo. Lakini pia mimi nilikuwa nakaa nyuma nikitazama simu, tusidanganyane.

Kupiga simu nilishindwa. Jumamosi nikapanda matatu hadi Thika na ile karatasi mfukoni. Anko alikuwa bado hajakata, Mungu ni mwema. Nikamkunjia kona nne. Akakunjua, akakunja mwenyewe mara mbili, akachukua tepu akapima.

"Mbili na kumi," akasema. "Hii walikufundisha mwaka wa ngapi?"

Nikamwambia ni dadangu. Halafu nikamwambia ile nyingine, ya chuo, nikiangalia maranda ya mbao chini.

Alinyamaza muda mrefu. Akampigia mteja, akakubali kosa kama lake, wakaelewana plaiwudi mpya, nusu ya bei nitoe mimi. Nimeshatuma.

Aliponisindikiza steji akasema neno moja tu: "Huyo msichana akifunga shule, mlete hapa."