Kelele za kaka, usingizi wa mama

Jamani, kuna watu wakisikia gitaa linanguruma tu wanajua shetani kaingia nyumbani. Mama yangu alikuwa namba moja!

Mwaka 1992 tulikuwa tunaishi Temeke, Dar es Salaam. Kaka yangu, aliyenipita miaka mitano, alikuwa kazimia hevi metali si mchezo. Wenzake wanakata viuno na rumba ya Kizaire, yeye anatingisha kichwa mpaka shingo inakaza. Jumamosi moja akanivuta kibanda cha video kuona "A Nightmare on Elm Street 3", picha ya mwaka 1987. Niliingia kidume, nikatoka nimemshika shati.

Kwa usiyeiona, ni hivi: vijana wamelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila wakisinzia Freddy Krueger anawafuata ndotoni, uso umeungua, mkononi glavu yenye visu. Kulala ni kufa. Muziki wa kutisha, ule unaokutambaa mgongoni, ni wa Angelo Badalamenti. Lakini humo humo wametiwa Dokken, bendi ya hevi metali ya Los Angeles, na nyimbo zao mbili.

Njiani nikamwambia kaka, "Mama kasema kweli, ule ni muziki wa majini."

Akacheka. "We bwege nini? Hukumwona yule binti mwanzoni? Anakula kahawa kavu kwa kijiko, Dokken wananguruma, ili mradi asilale. Ile ngoma si ya Freddy, ni ya anayemkimbia Freddy!"

Kweli bwana. Na mwishoni, majina yanapopanda, unapigwa "Dream Warriors", wimbo uliotungwa kwa ajili ya picha hiyo, wa vijana walioungana kumkabili jamaa huko huko ndotoni.

Mwaka uliofuata kaka akazamia meli. Hakuaga mtu. Tuliambiwa na rafiki yake, wiki nzima imepita. Aliacha redio kaseti na kanda moja ya Dokken, imesuguliwa mpaka maandishi yamefutika.

Mama akawa halali. Usiku namsikia anafungua mlango, anachungulia uchochoroni, anafunga. Mimi nami hivyo hivyo. Nikifumba macho tu, namwona kaka kwenye maji.

Usiku mmoja akaja kukaa kitandani kwangu. "Hebu weka ile kelele ya kaka yako," akasema. "Polepole, majirani wasiamke."

Tukakaa mpaka alfajiri, yeye kanga begani, mimi nageuza kanda kila upande ukiisha. Habari za shetani hakuzitaja tena.

Barua ilikuja baada ya miezi saba, kutoka Durban. Mstari wa kwanza alimsalimia mama. Wa pili ulikuwa wangu: "Ole wako kama umerekodi rumba juu ya kanda yangu!"

Siku hiyo mama alilala mchana kutwa. Nami nikazima redio.