Ng'ambo Siyo Mwisho

Kutoka Louisville, Kentucky, hadi mji wa Madison, Indiana, ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Barabara inapita mashambani, inateremka bonde la mto Ohio, inavuka daraja, na hapo umeshaingia jimbo lingine. Watu wengi huenda kule majira ya joto kuangalia nyumba za matofali za karne ya 19 na kula aiskrimu kando ya mto. Mimi na mwenzangu tulikwenda Februari 2025, barabara zimemwagwa chumvi na mashamba yote meupe. Siku ile ndiyo mama yake alipaswa kutua Louisville, na yeye hakutaka kushinda chumbani akitazama saa.

Alizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita na kuvuka Ziwa Tanganyika. Mimi nimekulia Kasulu mjini. Utoto wetu ulipita jirani, ila mimi nilipanda gari nikaenda nilikotaka, na yeye alihitaji kibali kutoka nje ya kambi. Tulikuja kufahamiana huku Kentucky, kwenye duka la vyakula vya kwetu, wote wawili tumeshika mfuko uleule wa mwisho wa dagaa. Amenizidi miaka mitatu, kwa hiyo namwita dada, naye ananiita mdogo wangu.

Yeye alikuja Marekani na kaka yake. Mama alibaki kumuuguza bibi, ambaye asingeweza safari. Bibi alipofariki, faili la mama likasogea: mahojiano, vipimo vya afya, hatimaye tarehe ya ndege. Januari, safari za wakimbizi zikasitishwa. Simu ya kumjulisha ilichukua dakika mbili.

Madison ilianzishwa mwaka 1809, na kwa miaka mingi mto uliopita mbele yake ulikuwa mpaka wa maisha ya watu. Upande wa Kentucky utumwa ulikuwa halali. Upande wa Indiana ulipigwa marufuku. Tulitembea Mtaa wa Walnut, eneo liitwalo Georgetown, walikoishi watu weusi huru waliowaficha na kuwasafirisha waliotoroka. George DeBaptiste alikuwa kinyozi. Elijah Anderson alikuwa mhunzi. Chapman Harris alikuwa mhubiri nje kidogo ya mji, na inasimuliwa kwamba aligonga bamba la chuma kwa nyundo usiku ili walioko ng'ambo wajue njia ni salama.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi kwa ajili ya safari, nilidhani hadithi inaishia ukingoni: mtu anavuka, anakuwa huru. Haikuwa hivyo. Mwaka 1846 genge la wazungu liliwashambulia weusi wa Madison, na DeBaptiste akahamia Detroit. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu mtoro akamatwe hata kwenye jimbo lisilo na utumwa na arudishwe kwa bwana wake. Mwaka 1851 Indiana ikaandika kwenye katiba yake kwamba mtu mweusi asihamie jimboni. Anderson alikamatwa akafungwa Kentucky, na akafia gerezani mwaka 1861. Waliovuka mto walilazimika kuendelea kwenda kaskazini, wengi hadi Kanada.

Nilimweleza dada haya yote tukiwa tumesimama kwenye baridi inayouma masikio. Alisikiliza, kisha akasema, "Mama yangu alivuka ziwa akadhani amefika. Akakaa kambini karibu miaka thelathini." Nilitaka kusema kwamba utumwa na ukimbizi si kitu kimoja, na kweli si kimoja. Lakini hakuwa anafananisha mateso. Alikuwa anazungumzia ng'ambo, jinsi mtu anavyoifikia akaambiwa asubiri tena.

Mchana tulipanda Clifty Falls, hifadhi ya jimbo iliyo kwenye miamba juu ya mji. Maporomoko makubwa, ya urefu wa futi 60, yalikuwa yameganda pembeni na katikati maji yakipita membamba nyuma ya barafu. Njia ilikuwa na theluji hadi juu ya vifundo vya miguu. Tulitembea tukishikana mikono kama vikongwe wawili. Ndani ya hifadhi kuna handaki la kale la reli, lililochimbwa karne ya 19 na kuachwa kabla treni haijapita. Tulilitamani, ila majira ya baridi hufungwa ili popo waliolala humo wasisumbuliwe.

"Popo wana kibali," dada alisema, akacheka hadi akashika mti. Mimi nilicheka pia, halafu sikujua niangalie wapi, kwa sababu machozi yake yalikuwa yameshaanza.

Sikumwambia avumilie. Kule kwetu neno hilo tuliwapa sana watu wa kambini, hasa sisi ambao hatukuwa tunavumilia chochote. Nilimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, tukasimama tukinywa mpaka vidole vikapata joto.

Saa tisa alasiri alimpigia mama yake. Kule ilikuwa saa tano usiku, na alipokea mlio wa kwanza. Dada aligeuza simu amwonyeshe maporomoko.

"Hayo maji yamekufa?" mama aliuliza.

"Yameganda, mama. Chini yanatembea."

Mama alitazama kwa muda. Akatuuliza kama tumekula, akanisalimia na kuniuliza habari za Kasulu kana kwamba mimi ndiye niliye karibu nako. Kisha akasema kwamba begi lake bado hajalifungua.

Dada alinyamaza. Nilidhani atasema mambo yatakuwa sawa, kama tulivyosema wiki zote zile. Akamwambia alifungue, atoe kile kitenge kipya alichokiweka cha kusafiria, akivae Jumapili kanisani, kisije kikaliwa na panya.