Kaye ya Nkambo na Vitabu vya Maisha ya Watu



Katika vitabu kama hiki wengi wanaandika juu ya mahari, ngoma, kilio na majina ya watoto. Sisi tunapenda kuongea juu ya desturi moja ambayo watu hawaihesabu sana kuwa desturi: kusimulia maisha. Wazee wetu walikuwa na saa yake. Jioni, bukari imekwisha kuliwa, mbabula ingali na moto kidogo, mzee alianza kueleza safari yake: alitoka wapi, alivuka mto gani, alikutana na nani, alilala kwa nani. Leo masimulizi ya namna hiyo yanaingia katika vitabu. Kuna vitabu vya safari, vya matatizo ya jamii, na vya mtu anayeandika maisha yake mwenyewe. Wengi wetu husema hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka siku kaye ya nkambo wetu ilipotoka katika sanduku.

Tuko watoto sita wa nyumba moja, pale Katuba, Lubumbashi. Nkambo wetu alikufa mwaka 1996. Alikuwa mupishi katika nyumba za Wazungu tangu mwaka 1938 mpaka 1960, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Kilio kilipokwisha, wazee walifungua sanduku lake la bati mbele ya jamaa yote. Mlikuwa na koti moja, karatasi za kazi zilizofungwa na kamba, picha mbili, na kaye mbili za shule zilizojaa maandiko ya kreyo. Hakuna mtu aliyejua kwamba anaandika.

Tulizichukua sisi, kwa sababu tulikuwa na diploma. Aibu yetu ilianzia hapo. Nkambo alisoma miaka miwili tu kwa wamisionari, na aliandika kama vile mtu anavyosema: maneno matatu yameshikana kuwa moja, hakuna nukta, jina la mtu linaanza na herufi ndogo, Kiswahili kinaingia katika Kibemba na Kibemba kinatoka kwenye Kifaransa. Tulikazana siku mbili, tukachoka. Tukasema: mzee alikuwa anajifunza kuandika tu.

Mama mudogo, kitinda mimba wake, anayeuza samaki sokoni na aliyeacha masomo katika mwaka wa nne wa shule ya msingi, akatuuliza: "Munasoma na macho?" Akaikamata kaye, akaanza kuisoma kwa sauti, upesi upesi, bila kusimama mahali ambapo sisi tulisimama. Na nkambo akaingia ndani ya nyumba. Zilikuwa pumzi zake, ucheko wake, namna yake ya kurudilia neno la mwisho. Nkambo mwanamuke, aliyekuwa amelala katika chumba, akatoka kuangalia nani anasema.

Ndani ya kaye mlikuwa safari. Aliondoka upande wa Kasenga, kule Luapula, akatembea kwa miguu siku nne, kisha akapanda juu ya kamio ya Mugreki mmoja mwenye kuleta samaki mjini. Alifika akinuka samaki, na Muzungu wa kwanza aliyemwomba kazi alimfukuza kwa sababu ya harufu. Mlikuwa pia mambo ya kazi: mshahara, pesa aliyokatwa kwa kila sahani iliyovunjika, majina ya siri ambayo ma-boyi waliwapa mabwana wao. Na mlikuwa watoto wawili waliokufa kabla hatujawajua, wameandikwa katika mstari mmoja pamoja na bei ya misumari ya sanduku lao.

Mama mudogo akafika kwenye ukurasa mmoja, akanyamaza. Tukamwambia aendelee. Akaendelea kwa sauti ndogo. Siku moja sukari ilipungua jikoni. Madamu akampiga nkambo kofi mbele ya watoto wake Wazungu. Nkambo wakati ule alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto. Kesho yake sukari ikaonekana katika kabati nyingine. Hakuna aliyesema pole. Nkambo aliandika kwamba alipika chakula cha jioni kama kawaida, na kwamba supu ilikuwa nzuri.

Baba mukubwa, mzaliwa wa kwanza, akasimama. Alisema: "Tulizika mutu mukubwa. Mukubwa wa kanisa, mukubwa wa jamaa. Sasa munapenda tumufukue, tumurudishe boyi?" Alitaka ukurasa ule upasuliwe na kutupwa ndani ya mbabula. Mmoja wetu, mdogo, akaificha kaye ndani ya shati. Wasomaji wanaojua jamaa zetu wanaelewa uzito wa jambo hilo: mtoto kumnyima mkubwa kitu mbele ya watu. Baba mukubwa akaenda bila kuaga, na miezi mingi hakukanyaga tena kwetu.

Tusimlaumu upesi. Mambo ya nyumba hayatoki inje: sisi sote tulilelewa na neno hilo, na lina faida yake. Mtu aliyekufa hawezi kujitetea. Nani alitupa ruhusa ya kuonyesha kofi ambalo yeye mwenyewe alilificha karibu miaka makumi tano?

Jibu lilianza kuja kwa njia ya kitabu kingine. Ndugu yetu aliyesoma historia kwenye chuo kikuu alituletea fotokopi ya maandiko yanayoitwa kwa Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Yaliandikwa mwaka 1965, hapa hapa mjini, katika Kiswahili chetu cha Katanga, na mtu anayeitwa André Yav. Aliyaandika kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu: ma-boyi na wapishi, kama nkambo wetu. Yanaeleza historia ya mji kama walivyoiona wale waliosimama nyuma ya meza wakati wakubwa wanakula. Mwalimu mmoja wa mambo ya desturi, Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kitu kimoja kilituchekesha sana. Maandiko yale yalikuwa magumu kusomeka, sawasawa na kaye yetu. Ili kuyaelewa, Mkongomani mmoja, Kalundi Mango, alipashwa kuyasoma kwa sauti, na sauti yake ikaandikwa upya. Basi mama mudogo wetu, mwenye kuuza samaki, alikuwa amefanya kazi ya maprofesa bila kujua.

Tukaenda kwa baba mukubwa na fotokopi ile. Hatukumwambia neno juu ya kaye. Tulikaa, tukapiga magoti kama inavyopasa, tukamsomea kwa sauti. Alisikiliza saa nzima. Kisha akauliza: "Aba nao walikuwa ma-boyi?"

"Ndiyo, baba mukubwa."

"Na aliandika jina lake kabisa?"

"Aliandika, baba mukubwa."

Hakuongeza kitu. Lakini Siku ya Mungu iliyofuata alikuja kula kwetu.

Ndugu yetu alileta pia kitabu cha pili, ili tulinganishe: maisha ya Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mzee huyo wa Zanzibar alitembea mpaka Kasongo na Nyangwe katika Maniema yetu, akauza pembe na watu, na mwaka 1887 akapewa uliwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, kabla hajafa mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Padri François Bontinck aliyatafsiri kwa Kifaransa mwaka 1974. Ni moja ya vitabu vya kwanza vya mtu kueleza maisha yake katika lugha yetu, na ni kitabu kitamu: safari, vita, madeni, hila, pembe zinazopimwa kwa frasila. Mtu akitaka kujua namna njia za Maniema zilivyokuwa, hawezi kukiacha.

Tulipomweleza nkambo mwanamuke yaliyomo, aliendelea kuchagua maharagi yake, kisha akauliza: "Na wale walikuwa nabeba zile pembe, majina yao iko mule?"

Tulisema: hapana, mama. Wabebaji wapo kwa hesabu, wapo kama mizigo. Majina ni ya wakubwa.

Akatikisa kichwa. Halafu akauliza swali ambalo hatukulingojea: "Na mu kaye ya bwana yangu, miye niko wapi?"

Tukatafuta. Katika kaye mbili, nkambo mwanamuke yupo mara tatu. "Nilioa." "Mama ya watoto alikuwa mugonjwa." "Tulihama." Tulimsomea mistari hiyo mitatu kwa haya nyingi. Yeye alicheka mpaka maharagi yakamwagika. "Mushahara wake ulikuwa unaisha tarehe kumi," alisema. "Toka tarehe kumi na moja mpaka makumi tatu, nani alikuwa nalisha baba yenu?" Ni yeye aliyepika munkoyo na kuuza kwa vikombe, na pesa ya munkoyo njo iliyolipa viatu na kaye za shule za watoto. Hata kreyo ya nkambo, alisema, ilinunuliwa na munkoyo.

Basi tulinunua kaye ya tatu. Yeye akasema, sisi tukaandika, na jioni mama mudogo akamsomea tena ili asahihishe. Alisahihisha sana. Safari ya siku nne kwa miguu, alisema, ilikuwa ya siku sita: nkambo alipenda kujisifu kwa miguu yake.

Siku moja baba mukubwa alikuwapo. Nkambo mwanamuke akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Siku ile ya sukari, nilijua." Sisi sote tukanyamaza. Alieleza kwamba bwana yake alirudi usiku, hakusema kitu. Yeye akamtilia chai, akaweka sukari kama kila siku. Nkambo akaonja, akatoka inje, akaimwaga kwenye udongo. Tangu siku ile mpaka kufa kwake hakunywa tena chai ya sukari.

Hapo tuliangaliana. Tangu utoto tulimwona nkambo akinywa chai kavu. Tulifikiri ni ugonjwa. Wengine walisema ni ubahili, na tulimcheka kwa hilo, hata mbele yake. Kaye ilitupa kofi, lakini haikutupa chai. Chai ilikuwa kwa nkambo mwanamuke. Kama ukurasa ule ungalichomwa, neno lake lisingalikuwa na mahali pa kushikamana, na sisi tungaliendelea kumwita bahili.

Baba mukubwa alikaa muda mrefu, mikono juu ya magoti. Kisha akasema: "Muache ukurasa. Lakini muandike pembeni kwamba mutoto wake wa kwanza alikataa, kisha akaitika." Tuliandika hivyo. Nkambo mwanamuke alikufa mwaka 2004, kaye yake ikiwa imefika katikati. Zote tatu tulizitilia fotokopi, moja kwa kila nyumba ya jamaa.

Ndiyo sababu tunawaletea haya. Watu wamekwisha kuelewa kwamba maisha ya watu wadogo ni mali. Hapa kwetu, tangu mwaka 2000, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, katika kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi, walikwenda kwa wakaaji wa mji kukusanya kumbukumbu zao. Hiyo ni kazi njema. Lakini hakuna chuo kikuu kitakachofungua masanduku yote ya Katuba, Kamalondo na Ruashi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na daftari peke yake haitoshi. Kwenye mbabula, mzee alipodanganya kidogo, mke wake alikohoa, rafiki yake akasema "hapana, tulikuwa wawili," na mtoto akauliza swali la kijinga ambalo lilifungua mlango. Simulizi lilikuwa na watu wa kulijibu. Kitabu hakina mtu wa kukohoa karibu nacho. Tippu Tip anasema peke yake mpaka mwisho, na nkambo wetu pia alisema peke yake. Tusiwachukie kwa hilo, wala tusivitupe vitabu vyao. Bali tukisoma kitabu cha safari au cha maisha ya mtu, awe mkubwa au mdogo, Muzungu au mweusi, tuulize kama yule mama mwenye maharagi: majina ya wabebaji iko wapi? Na mwenye kupika alikuwa nani?

Kwa hiyo shauri letu ni dogo, na bei yake ni ya kaye moja. Mwenye mzee nyumbani, amwandikie. Akiisha kuandika, asifunge kaye katika sanduku: asome kwa sauti, jioni, mbele ya wale waliokuwapo. Na pembeni ya kila ukurasa aache nafasi nyeupe, ili atakayekataa aandike kwamba amekataa, na mwenye kujua habari ya chai apate mahali pa kuiweka.