Trauma: Jeraha Lisilotoka Damu

Ndugu mwanafunzi, ukipita katika hospitali kubwa ukaona kibao chenye neno trauma, usidhani kwamba humo hutibiwa wenye huzuni. Huko hupelekwa aliyegongwa na pikipiki, aliyeanguka kutoka juu ya jengo, aliyevunjika nyonga. Lakini neno hilohilo ukilisikia hapa kwetu Rwanda mwezi wa Aprili, wakati wa kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, halihusu mfupa wala damu. Nimeona ni vyema tulifuate neno hili tangu lilikotoka, kwa kuwa wengi wenu huniuliza mliandikeje katika insha zenu.

Kwa Wagiriki wa kale, trauma lilikuwa jeraha tu: la mkuki, la upanga, la jiwe. Miongoni mwa maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates limo moja juu ya majeraha ya kichwa, na neno hili limo katika jina lake. Katika karne ya 17 lilikwisha kuingia katika Kiingereza, nalo lilikuwa mali ya wapasuaji. Mahali pasipo na ngozi iliyopasuka, halikuwa na kazi.

Kilicholitikisa ni reli. Katika karne ya 19 treni za Uingereza ziligongana mara nyingi, na wakawapo abiria waliotoka katika mabehewa wakiwa wazima, kisha baada ya siku kadhaa wakaanza kutetemeka, kukosa usingizi na kushindwa kufanya kazi. Wakaenda mahakamani kudai fidia. Kampuni zikauliza: jeraha liko wapi? Mwaka 1866 mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, alichapisha mihadhara yake akieleza kwamba mshtuko wa ajali huudhuru uti wa mgongo hata pale ambapo jicho halioni kitu. Mwaka 1883 Herbert Page akampinga, akisema kwamba katika visa vingi hofu pekee yatosha kumfanya mtu augue. Page alikuwa mpasuaji wa kampuni ya reli, nanyi mnajua anayekula kwa nani huimba wimbo wa nani. Hata hivyo hoja yake ilifungua mlango ambao waajiri wake hawakuutarajia, kwani ikiwa hofu humwangusha mtu mzima kitandani, basi nafsi nayo hujeruhika.

Mlangoni hapo wakapita wengine. Hermann Oppenheim wa Berlin alitoa kitabu mwaka 1889 kuhusu maradhi ya neva yatokanayo na ajali. Miaka michache baadaye, huko Vienna, Breuer na Freud waliandika kwamba kumbukumbu ya tukio la kutisha hukaa ndani ya mtu kama kitu kigeni kilichosalia mwilini. Mimi ningesema kama mwiba uliovunjikia nyamani: ngozi imefunga, usaha unaendelea.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, kuona na hata kunusa baada ya makombora kulipuka karibu nao. Wapo waliopelekwa hospitalini. Wapo walioitwa waoga au watoro wakapigwa risasi kwa amri ya mahakama za kijeshi za upande wao wenyewe. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliouawa hivyo. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa kimekwisha kuyaingiza maradhi ya aina hii katika mwongozo wake mwaka 1980, baada ya madai ya muda mrefu ya askari waliorudi kutoka Vietnam.

Sasa turudi nyumbani. Kinyarwanda nacho kina neno lake. Baada ya mwaka 1994 watu walianza kusema ihahamuka, neno linalosikika pamoja na ibihaha, yaani mapafu: mtu hofu imemshika hata pumzi ikamkatika. Liangalie vizuri. Mgiriki aliona ngozi iliyopasuka. Mnyarwanda aliona kifua kinachokosa hewa.

Kiswahili nacho mara nyingi hutumia kiwewe. Sikatai, ila kiwewe ni hali ya kuduwaa na kuchanganyikiwa kwa hofu, na aghalabu hupita: simba akitokea njiani utaingiwa na kiwewe, akiondoka kitakutoka. Kihoro ni uchungu wa kufiwa au kupoteza. Hayo si kitu kimoja na ugonjwa unaomrudia mtu miaka 20 baadaye akisikia filimbi. Kwa huo mimi hupendelea jeraha la nafsi, tena kwa sababu ya kisarufi. Tunasema "ameingiwa na kiwewe", na hapo mtendaji ni kiwewe chenyewe. Hakuna mtu mwingine katika sentensi. Lakini ukiandika "amejeruhiwa", kauli ya kutendwa huacha nafasi wazi baada ya kitenzi, na msomaji hawezi kuacha kuuliza: na nani?

Na yule aliyefeli jaribio la hisabati, mwandikieni kwamba amehuzunika.