Pemba ya Mvua: Karafuu Hustawi, Motokaa Hugoma

Leo twende Pemba. Kisiwa hiki kiko kaskazini ya Unguja, yapata kilomita 50 kutoka pwani ya Tanga, na urefu wake ni kilomita 67 hivi. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na mgeni akishuka katika bandari ya Mkoani huona mwenyewe kwamba hawakukosea. Kutoka Mkoani barabara hupanda vilima na kushuka mabonde, hupita Mtambile, na kufika Chake Chake. Vilimani mna mikarafuu, minazi na miembe. Mabondeni mna mpunga. Upande wa mashariki nchi ni ya mawe na kavu zaidi.

Ukijani huo watokana na mvua. Masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba. Hata siku isiyo na mvua, hewa huwa na unyevu, maana bahari i karibu pande zote. Mkarafuu huupenda unyevu huo. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja; Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba.

Lakini unyevu uleule unaoustawisha mkarafuu hugomesha motokaa za zamani za petroli. Jambo hili si dogo. Karafuu zikichumwa huchambuliwa makonyo, huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, kisha hutiwa magunia na kupelekwa kituo cha ununuzi cha shirika la ZSTC. Zikilowa tena, kazi ya jamaa nzima huharibika. Tena, kuna mama anayeshikwa na uchungu wa uzazi usiku wa mvua, naye hospitali iko mbali, Mkoani, Chake Chake au Wete. Kijijini pengine gari ni moja tu, nalo ni kuukuu. Dereva azungusha ufunguo. Injini yazunguka, haiwaki. Ndipo wanaume hushuka matopeni na kusukuma mpaka pumzi ziwaishe, na gari bado haliwaki.

Tuone sababu yake. Kusukuma ni dawa ya betri dhaifu isiyoweza kuizungusha injini. Injini ikizunguka vizuri na isiwake, kusukuma hakuongezi kitu. Injini ya petroli yataka cheche. Betri hutoa umeme wa volti 12 tu. Koili huuzidisha ukapita volti 10,000. Distributa huugawa kwa zamu kwa kila plagi, nayo plagi huruka cheche. Sasa umeme mkali namna hiyo hutafuta njia rahisi. Unyevu ukichanganyika na vumbi na chumvi ya bahari juu ya kifuniko cha distributa na juu ya waya, huwa ni kama daraja. Umeme huvuka hapo, hukimbilia chuma cha injini, wala haufiki kwenye plagi.

Basi, fanyeni hivi:

Kwanza, acheni kuzungusha ufunguo mara kwa mara. Mnamaliza betri, na plagi zinalowa petroli. Zimeni kila kitu, fungueni boneti, ngojeni harufu ya petroli iishe. Msilete kibatari, jiko wala sigara karibu, hata kama nia ni kukausha. Mvuke wa petroli hauna mzaha.

Pili, fungueni kifuniko cha distributa. Kipanguseni ndani na nje kwa kitambaa kikavu cha pamba, pamoja na rota, yaani kile kidole kinachozunguka ndani yake. Panguseni pia kichwa cha koili. Mkiona ndani ya kifuniko ufa au mstari mweusi mwembamba kama unywele, hapo umeme umekwisha kujichomea njia. Kupangusa kutasaidia kwa muda tu, kifuniko kibadilishwe.

Tatu, kausheni waya nene, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja urudi mahali pake. Waya zikipishana, injini itapiga mishindo tu. Kisha toeni plagi, zipanguseni, na mtazame kama kaure yake nyeupe imepasuka.

Nne, kama bado, ngojeni giza. Mwenzenu mmoja azungushe injini, nanyi mtazame kwa mbali. Mkiona cheche za buluu zikitambaa juu ya waya, waya huo umechoka. Msiuguse, maana utawarusha.

Mkimaliza, tazameni na vichwa vya betri. Hewa ya chumvi huvitia ukoko mweupe au wa kijani. Toeni nyaya za betri, suguweni ukoko, kausheni, fungeni kwa nguvu, kisha pakeni grisi kidogo.

Dalili ya mvua ni mawingu, kwa hiyo mwenye gari ajitayarishe mapema. Aliegeshe bandani, au aelekeze nyuma ya gari upande mvua inakotoka, na kufunika boneti kwa turubai injini ikiisha kupoa. Asipite madimbwi kwa kasi, kwani maji hurukia waya. Wenye magari ya dizeli hawana taabu hii, kwa sababu dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, si kwa cheche. Na motokaa nyingi za siku hizi hazina distributa tena.

Shauri hili si la Pemba peke yake. Ninyi wa Bukoba, wa Tukuyu na wa miteremko ya Kilimanjaro mwajua mvua na ukungu wa kwenu. Tieni vitambaa viwili vikavu vya pamba katika mfuko usiopenya maji, mkauweke chini ya kiti cha dereva, na watoto wasivichukue kwa kufutia meza. Usiku mgonjwa atakapoletwa mlangoni, hamtakuwa na nafasi ya kuvitafuta.