Kuhakiki Kiraka

Sisi wapenzi wa mashairi tumelizoea neno uhakiki kwa kazi moja: kulichukua shairi la mtu, kuihesabu mizani yake, kuvitazama vina, kisha kuuliza kama lililokusudiwa ndilo lililosemwa. Wako wanaofanya jambo hilo hilo kwa maandishi ya kompyuta, nami napenda kuwafuata nyuma. Kiraka ninachokieleza hapa kiliingia mwaka 2024 katika kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu na kuviamuru vifaa. Si kirefu. Nilikaa nacho siku kadhaa.

Kisa chenyewe ni cha anwani. Kadi ya michoro yaweza kuwa na kumbukumbu yake isiyofikiwa moja kwa moja na kichakataji kikuu. Hata hivyo kerneli haina budi kuiandika daftarini, na kwa hivyo huitafutia anwani zisizokaliwa na yeyote. Mtafutaji huanzia juu kabisa, kisha hushuka. Katika mpangilio uliozoeleka wa kompyuta za x86 za biti 64, huko juu kabisa ni terabaiti 64, kwa kuwa kanuni yasema anwani ya kumbukumbu haizidi biti 46.

Lakini kerneli, kwa kuwahofia wadukuzi, ina desturi ya kujificha. Kila mashine inapowashwa, ramani ya kumbukumbu huwekwa mahali papya pasipobashirika. Ili nafasi ya kujificha iwe kubwa, ramani nayo hupunguzwa: hubaki kiasi cha kumbukumbu iliyomo, pamoja na akiba. Upunguzaji huo wengine hawakuarifiwa. Mgawaji wa anwani akaendelea kuuamini mpaka wa zamani, akawapa wageni viwanja vilivyo nje ya ramani. Na bahati ikiwa mbaya, kiwanja huangukia eneo lenye mwenyewe.

Bahati ikiwa mbaya! Hapo ndipo kisa kiliponishika. Leo mashine yaenda salama, kesho yaharibika, wala hapana kilichobadilishwa. Tena ubovu haulii pale ulipo. Hulia mbali, pale amri ya kuondoa ramani ya kifaa kingine inapopuuzwa kimya kimya, kwa kuwa anwani yake halali imedhaniwa kuwa ya kumbukumbu ya kawaida. Ingewezekana kuitengeneza amri hiyo peke yake. Kiraka kiliufuata ubovu hadi ulikozaliwa, kikauchukua mpaka halisi, kikaupa jina, kikauweka anapousoma mgawaji. Ile hesabu ya biti 46 haikuguswa, kwani ramani iliyopunguzwa haikomei penye mpaka wa biti, na wako wengine wanaoihitaji hesabu hiyo kama ilivyo.

Katika maelezo yake mna kauli fupi: kwamba sehemu zote zilizobaki zinazoitumia hesabu ya zamani zimechunguzwa, zikaonekana sahihi. Zote. Aliyewahi kuupitia utenzi wa beti mia tano akisaka kina kimoja kilichopotoka atalijua jasho lililofichika katika neno hilo. Mimi nililisoma mara tatu, nikaona kuwa kazi kubwa ya kiraka imo humo, wala haimo katika mistari iliyobadilishwa.

Mwaka 2025 kikaja kiraka kingine. Vifaa vinavyopelekeana data vyenyewe kwa vyenyewe, bila kupitia kumbukumbu kuu, huweza kuwa na anwani za mbali zinazovuka ile ramani iliyopunguzwa. Hapo mawasiliano hushindwa, na dawa iliyokuwako ni kuuzima ufichaji wote. Kiraka hiki kiliamua kwamba palipowezeshwa mawasiliano hayo, ramani isipunguzwe. Maelezo yake yakiri waziwazi kuwa usiri umepungua. Ningekuwa mhakiki wake ningekipitisha, ingawa kwa uzito wa moyo, maana karibu kila kerneli ya mifumo mikubwa imewezeshwa hivyo. Na ile terabaiti 64, iliyokuwa imegeuka uongo, ikawa kweli tena katika mashine hizo.