Mama, nimempeleka popobawa London!

Leo naomba niungame. Kuna mambo mtu mzima unayafanya kwa kujificha, mlango ukigongwa unayasukumia chini ya kitanda. Yangu mimi ni dadu na vijarida vya kutisha. Usicheke kwanza, nisikilize.

Mwaka 2008 nilikuwa London kimasomo, nimepanga chumba kidogo mimi na baridi yangu. Jumamosi moja jamaa wa chumba cha pili akanigongea, "Njoo ucheze na sisi, tumepungukiwa mtu." Nikadhani ni karata. Kufika, nakuta watu wanne wazima wamezunguka meza, taa zimezimwa, mishumaa inawaka, karata hakuna wala bao. Nikasema moyoni, leo nimekwisha, nimeingia kwa wanga!

Kumbe ni mchezo. Unaitwa Call of Cthulhu, aliubuni Mmarekani Sandy Petersen, kampuni ya Chaosium ikautoa mwaka 1981, na vitisho vyake vimetoka kwenye hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi aliyefariki mwaka 1937. Mmoja wenu ndiye msimamizi, anasimulia. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, huyu mwandishi wa habari, yule daktari, na wewe unasema wako anafanya nini. Penye utata mnarusha dadu. Utamu uko hapa: kila mhusika ana alama za akili timamu. Akiona jambo la kutisha unarusha dadu zinazokupa namba kati ya 1 na 100. Ikizidi alama zako, akili inapungua. Zikiisha zote, mhusika wako kachizika moja kwa moja, msimamizi anamchukua. Mnacheza mkijua kabisa mwisho wenu Mirembe! Nilicheka usiku ule mpaka mbavu zikauma.

Tulipomaliza jamaa akavuta boksi la viatu limejaa vijarida. Si vya kampuni, ni vya mashabiki wenyewe, karatasi za A4 zimekunjwa katikati na kupigwa pini. Mna visa vya kucheza, ramani za kuchorwa kwa mkono, mabishano ya kanuni, barua za wasomaji. Akaniambia mambo haya ni ya siku nyingi. Mwaka 1975 mama mmoja wa Los Angeles, Lee Gold, alianzisha Alarums & Excursions, ambamo kila mchangiaji alileta kurasa zake, zikakusanywa na kubanwa pamoja. Upande wa kutisha, mwaka 1990 kijana John Tynes alianzisha The Unspeakable Oath huko Columbia, Missouri. Toleo la 7, mwaka 1992, ndimo walimochomoza Delta Green, maofisa wa serikali wanaopambana na majinamizi kwa siri. Mwaka 1997 wakapata kitabu chao kizima. Unaona? Kijarida kidogo kinazaa kitabu!

Basi bwana, nikanogewa. Kila Jumamosi niko pale. Siku moja wakaleta kisa maarufu cha mwaka 1984, Masks of Nyarlathotep, kinachowazungusha wahusika New York, London, Cairo, Kenya na Shanghai, mwaka 1925. Kufika Nairobi wote wakanigeukia mimi, eti niwaelekeze njia. Mwaka 1925! Hata babu yangu alikuwa bado anatambaa. Nikawaambia, "Jamani, mimi mtu wa Pemba. Na sisi tunayo ya kwetu."

Nikawasimulia mwaka 1995. Nilikuwa na miaka 11. Ilisemwa kuna popobawa, anawavamia watu vitandani usiku, wanaume kwa wanawake. Watu wakahama vyumba. Tulilala nje, ukoo mzima, tumejibana kwenye mikeka, moto unawaka, wazee wanapokezana zamu. Mama hakulala. Kila nilipofumbua macho nilimkuta amekaa kitako, ameshika ncha ya shati langu.

Mezani kimya. Halafu mmoja akasema, "Andika! Kijarida chetu kinatoka mwezi ujao." Malipo yenyewe nakala mbili, basi.

Nikakubali mbio mbio. Kukaa kuandika sasa, kalamu haiendi. Nilikuwa najiuliza, hivi kilichomkosesha mama usingizi majuma mazima, mimi nikawape Wazungu warushie dadu wakila chipsi? Na liko jambo ambalo mezani nililiruka. Mwaka ule ule, Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili alizingirwa na watu waliodai ndiye popobawa mwenyewe. Wakamuua. Mimi niliyecheka mpaka mbavu kwa mhusika kuchizika, hapo cheko likanikauka.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku, kuna nini?"

Nikamweleza mchezo, dadu na kijarida. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Siku zile walisema, aliyepatwa asinyamaze," akasema. "Awaambie watu, la sivyo atarudiwa. Basi wewe andika. Ila yule maskini wa Mungu waliyemuua, usije ukamfanya yeye ndiye jini."

Nikachana yote niliyoandika, nikaanza upya. Katika kisa changu wahusika ni wageni wanaofika kijijini kumsaka popobawa. Wanakuta watu wamelala nje. Usiku wa pili anatokea mtu asiyejulikana, anaongea peke yake, na mmoja kwenye giza anapiga kelele, "Ndiye huyo!" Popobawa haonekani mwanzo mpaka mwisho. Dadu zinarushwa kuwatuliza watu. Na mchezaji anayekaa pembeni akaacha mtu yule apigwe, ndiye anayepoteza alama nyingi za akili kuliko wote.

Msimamizi wetu aliposoma akakuna kichwa. "Hakuna jini kabisa?" Nikamwambia lipo, likihesabiwa ni watu kama 40 hivi. Akakipitisha.

Usiku wa kuchapa tulikesha. Nakala 60, kila moja karatasi sita, jumla karatasi 360 za fotokopi, na stepla moja iliyokuwa ikikwama kila baada ya nakala tatu. Vidole vilivimba. Nilipoona jina langu kwenye ukurasa wa 9, limekosewa herufi moja, nilitamani kuwaamsha majirani.

Nakala moja nilimpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Mama Kiingereza hakisomi, binamu yangu alimsomea, anamtafsiria mstari kwa mstari. Jioni simu ikalia.

"Nimesomewa," akasema. "Sasa yule mtu wa kwenye mchezo, mwisho wake hupona?"

"Inategemea wachezaji, mama."

"Basi waambie wacheze vizuri."